Koti la Mipasuo Miwili

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Angeweza kupishana na jirani wa miaka kumi, akamwitikia salamu kama anavyomwitikia mgeni, kisha baada ya hatua tatu akageuka na kusema, "Kumbe ni wewe? Hiyo suruali pindo lake nilikunja mimi." Watu walicheka, naye akacheka nao. Alikuwa fundi cherehani, na kwake binadamu alianzia kwenye kola akaishia kwenye pindo. Kilichokuwa juu ya kola hakikuwa kazi yake.

Ajabu ni kwamba mwanamke huyohuyo, akiwa na miaka ishirini na tisa, alisimama mahakamani akamnyooshea kidole mtu aliyekuwa kizimbani na kusema uso ule hatausahau mpaka anaingia kaburini. Kwa kidole kile mtu alifungwa maisha. Na sisi tuliomjua, tuliokulia miguuni pa cherehani yake tukiokota vipande vya vitambaa, hatukuwahi kujiuliza inakuwaje. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi ilibidi tuambiwe.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Ilikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, ubao wa kupigia pasi, na dirisha moja pana linalotazama barabara. Ng'ambo ya barabara, chini kidogo, palikuwa na kinyozi. Kwa kinyozi huyo ndipo alipokuwa akinyolewa Waziri. Mawaziri walikuwa wengi, lakini huyu watu walimwita Waziri tu, kama vile wenzake hawakuwapo, kwa sababu alisema hadharani mambo ambayo wengine waliyasema chumbani. Alianza kunyolewa pale kabla hajawa mkubwa, na ukubwa haukumhamisha.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alasiri na dakika zake. Shangazi alikuwa amesimama dirishani na kipande cha kitambaa cha bluu mkono mmoja, vigurudumu viwili vya uzi mkono wa pili, akitafuta uzi unaofanana. Fundi anayejua kazi hachagui uzi kwa taa. Huuchagua kwa mwanga wa nje. Ndiyo maana alikuwa pale. Waziri akatoka kwa kinyozi akijipapasa shingo, kama afanyavyo mtu aliyetoka kunyolewa. Ikasikika milio ya risasi. Waziri akaketi kwenye ngazi ya mlango taratibu, kama mtu aliyechoka, halafu akalala ubavu. Mtu mwenye koti la kahawia akakimbia kuelekea sokoni. Kisha kila mtu akakimbia.

Waliokamatwa siku ile walikuwa wengi, lakini mwisho alibaki mmoja, fundi rangi aliyekutwa mitaa miwili mbele akihema, naye amevaa koti la kahawia. Mwenyewe alisema alikimbia kwa sababu watu walikuwa wanakimbia. Hakuna aliyemwamini.

Kesi ilisikilizwa wiki tisa, na redio hazikuzimwa. Mashahidi wa macho walikuwa wawili tu wa maana. Wa kwanza alikuwa Shangazi. Alisema alisikia milio miwili, akamwona mtu, na mtu huyo alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia. Mshtakiwa alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kulia. Shangazi alisema bila kutetereka, na wakili wa utetezi alipomzungusha huku na huku, alijibu vilevile kila mara, neno kwa neno.

Wa pili alikuwa muuza magazeti wa pale kwenye kona. Yule aliyekimbia alimpita karibu kiasi cha kumwangushia magazeti. Lakini alipoulizwa, alisema, "Nadhani alikuwa mrefu kuliko huyu. Nadhani milio ilikuwa mitatu."

Wakili wa serikali akamkata. "Unadhani au unajua?"

"Nadhani najua," akasema.

Mahakama nzima ikaangua kicheko, hata jaji akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bwana Nadhani. Shangazi naye jina la Shahidi likamganda. Lake lilikuwa la heshima. Majirani wakigombana kuhusu nani alimwaga maji kwenye ngazi, walikwenda kwake. "Mwulizeni Shahidi," walisema, "yule akishaona ameona."

Mtu angetarajia hao wawili wawe maadui, lakini haikuwa hivyo. Kila Jumamosi asubuhi, akishauza magazeti yake, Bwana Nadhani alipanda ngazi, akaketi kwenye kigoda kando ya ubao wa pasi, na kabla hajamaliza kikombe cha chai walikuwa wameshaanza.

"Miwili," Shangazi alisema.

"Mitatu, dada."

"Daktari alitoa risasi mbili mwilini, kaka. Mbili. Au daktari naye hajui kuhesabu?"

"Ya tatu ilikosa."

"Ilikwenda wapi? Imeolewa?"

"Hilo sasa sijui. Mimi nadhani tu."

Walibishana hivyo miaka thelathini na moja. Nilizoea kama mtu anavyozoea saa ya ukutani. Mlio wa tatu ulikuwa mchezo wao. Kuhusu uso wa fundi rangi, Bwana Nadhani hakugusia hata mara moja, na mimi nilidhani ni kwa sababu aliona haya kwa yaliyompata mahakamani.

Mwaka juzi, shule zikiwa zimefungwa, nilikuwa karakanani namsaidia Shangazi kuandika vipimo, maana mimi ni mwalimu na yeye anasema mwandiko wangu ndiyo faida pekee ya ada iliyolipwa na babangu, kakake. Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, buti zimejaa udongo. Alisema ni mpima ardhi, anataka suruali mbili za kazi zenye mifuko mirefu.

"Kumbe sote ni wapimaji," Shangazi akasema, akiuvuta utepe shingoni. "Lakini wewe shamba lako halivuti tumbo ndani ukalipima vibaya. Legeza tumbo, mwanangu."

Yule dada akatabasamu kidogo. Shangazi akamzungushia utepe kiunoni, akanitajia namba, nikaandika.

"Mama," yule dada akasema, "unajua mimi ni mtoto wa nani?"

"Wa nani?"

"Wa yule fundi rangi."

Kalamu yangu ikasimama. Shangazi hakuachia. Ncha zote mbili za utepe zilikuwa mkononi mwake, na yule dada yumo ndani ya utepe, wakatazamana.

"Sikuja kukutukana," mpima ardhi akasema. "Nimehangaika na faili la baba miaka tisa. Nimekuja kukuonyesha picha moja. Ukishaiona, kunishonea au kutonishonea ni juu yako."

Akatoa bahasha. Ilikuwa picha ya studio, mwanamume kijana amempakata mtoto wa miaka minne aliyevimbisha mashavu. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio na tarehe, siku tisa kabla ya Waziri kuuawa. Shangazi akaipeleka dirishani, kwenye mwanga, kama anavyopeleka uzi. Akakaa nayo.

"Kovu liko wapi?" akauliza.

"Ndilo swali langu, mama. Alipasuliwa hapo juu ya jicho siku ya pili, akiwa tayari mikononi mwa polisi. Alishonwa nyuzi tano. Daktari wa gereza aliandika, na mimi ninayo nakala."

Shangazi akarudisha picha kwenye bahasha, akaiweka mezani, akachukua tena utepe. "Nyonga," akasema, na sauti yake haikutikisika, "arobaini na moja. Andika, mwanangu. Njoo Jumatano ujaribu."

Mgeni alipoondoka, Shangazi aliketi kwenye cherehani bila kukanyaga. "Kovu nililiona," akaniambia. "Mpaka leo nikifumba macho naliona, limekaa kama ukucha wa mwezi."

Jumamosi ikafika. Bwana Nadhani alipoketi tu, Shangazi akamsimulia yote, na kwa mara ya kwanza hawakuanza na milio.

"Dada," akasema mzee yule baada ya kufikiri, "mimi nisikuambie kitu. Mwambie huyu mtoto ashuke, asimame kwa kinyozi, akimbie kama alivyokimbia yule. Wewe tazama."

Nikashuka. Nilikuwa mwalimu wa miaka arobaini na mbili mwenye mkoba begani. Nikasimama kwenye ngazi ya kinyozi, nikajiona mjinga, nikakimbia kuelekea sokoni. Kinyozi wa sasa, mjukuu wa yule wa zamani, akatoka na mashine mkononi kuuliza kama nimeibiwa. Nikakimbia mpaka kwenye kona, nikarudi juu nikihema.

"Umeona nini?" Bwana Nadhani akamwuliza.

Shangazi alikuwa bado amegeukia dirisha. "Nimeona kisigino cha kiatu chake cha kushoto kimelika. Nimeona zipu ya gauni haikufika juu." Akashika fremu ya dirisha. "Nimeona mgongo. Uso sikuuona."

"Wala mimi nisingeuona nikiwa hapo," akasema Bwana Nadhani.

"Basi uso niliutoa wapi, kaka?"

Akajijibu mwenyewe, polepole, kama mtu anayefumua mshono wa zamani asiharibu kitambaa. Siku ya tatu baada ya kifo aliitwa kituoni. Mkaguzi wa polisi alikuwa mpole, alimpa kiti, akamwambia nchi nzima inamtegemea. Kisha akamtelezeshea picha moja mezani. Hazikuwa picha sita wala tatu. Ilikuwa moja, ya mtu mwenye bandeji iliyotolewa karibuni na kidonda juu ya jicho. Mkaguzi akasema, "Tumeshampata. Ni huyu, sivyo?" Kesho yake picha ileile ikatoka ukurasa wa mbele wa magazeti yote. Wiki iliyofuata alipopelekwa kwenye gwaride la utambuzi, wanaume wanane wamepangwa ukutani, saba walikuwa wageni kwake na mmoja alikuwa ameshamwona mara ishirini.

"Nami nilionyeshwa," Bwana Nadhani akasema. "Nikasema nadhani siye."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa na hakika, dada. Mimi nilikuwa nadhani tu. Mtu wa kudhani atamwambia nini mwenye hakika?"

Siku tatu cherehani haikulia. Nilikwenda kila jioni nikamkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani. Nilijaribu maneno tunayosema kwa watu. Nikamwambia hakudanganya.

"Afadhali ningedanganya," akasema. "Mwongo anajua alipouficha ukweli wake, siku akitaka ataurudia. Mimi niliamini. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimi wangu ulijikwaa, akaanguka mtu mwingine."

Lakini Jumatano mpima ardhi alipokuja, suruali zote mbili zilikuwa zimening'inia, mifuko mirefu, na mishono imepitishwa mara mbili. Sijui alizishona saa ngapi. Shangazi akamngoja avae, akamzunguka, akavuta kiuno, akaridhika. Kisha akavaa viatu vyake vya kutokea.

"Nipeleke kwa wakili wako," akasema. "Leo."

Wakili alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na ofisi iliyojaa makasha mpaka kwenye choo. Alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho bila kuandika, ndipo akasema kuna kitu anataka amwonyeshe, lakini alikuwa akisubiri kwanza asikie habari yote kutoka kinywani mwake. Mwezi uliopita mahakama ilikuwa imeamuru kasha la polisi lifunguliwe. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na daftari dogo la konstebo aliyepanda ngazi za karakana saa ileile, damu ya Waziri ikiwa bado mbichi. Kijana yule alifariki zamani. Maelezo aliyoandika hayakuwahi kusomwa mahakamani.

Wakili akamsogezea nakala. Shangazi akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Nilisikia milio miwili au mitatu. Nilimwona mtu akikimbia kuelekea sokoni. Alivaa koti la kahawia lenye mipasuo miwili nyuma, limekaa vizuri mabegani, kazi ya fundi, si la dukani. Uso wake sikuuona."

Chini kulikuwa na sahihi yake. Akaipitishia kidole.

"Miwili au mitatu," akarudia. Akanigeukia, na siku hiyo ndiyo ya kwanza nilipomwona akilia na kucheka pamoja. "Usimwambie yule mzee. Atavimba."

Kisha akamgeukia wakili. "Koti la fundi rangi, mnalo?"

"Liko ghalani. Ni kielelezo."

"Lina mipasuo?"

"Mipasuo ni nini hasa, mama?"

Shangazi akasimama, akanishika mabega akanigeuza, akachora kwa kidole mgongoni mwangu, mstari mmoja chini upande huu na mmoja upande ule. "Sehemu inayoachwa wazi nyuma ya koti ili mtu aketi bila kulikunja. Makoti mengine yana mmoja katikati, mengine miwili, mengine hayana kabisa. Mtu akikimbia, koti la mipasuo miwili hupiga kama mkia wa ndege. Ule mkia niliuona." Akaketi. "Nasema niliuona. Lakini leo sijiamini hata nikisema nimetia sukari kwenye chai. Iaminini karatasi."

Mapitio ya hukumu yakaanza baada ya miezi mitano. Ukumbi ulikuwa uleule, rangi tu ndiyo ilikuwa mpya. Fundi rangi aliletwa akiwa mzee mwembamba, mvi tupu, kovu limefifia. Shangazi hakumtazama. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kumtazama, asije akamkumbuka vibaya tena.

Wakili wa serikali alikuwa kijana, hakuwa amezaliwa Waziri alipokufa. Hakuwa mkorofi, alikuwa anafanya kazi yake. "Mama, miaka thelathini na miwili iliyopita uliapa hapa kwamba ulimwona. Leo unaapa hukumwona. Tukuamini siku ipi?"

"Msiniamini siku zote mbili," Shangazi akasema. "Niaminini ile Alhamisi, kabla sijaonyeshwa picha, kabla sijasoma gazeti, kabla watu hawajanipa jina. Siku ile nilisema nilichoona, na kingine nikasema sikukiona. Baada ya hapo nilisaidiwa kukumbuka. Waliponisaidia nilishukuru."

"Kwa hiyo polisi walikudanganya?"

"Sijui walichokuwa nacho moyoni. Najua walichoweka mezani. Picha moja."

Ndipo wakili wa utetezi akaomba kielelezo. Koti likatolewa kwenye mfuko, likanuka vumbi. Katika kesi ya kwanza liliwekwa mezani limekunjwa, kifua juu, Shangazi akaulizwa kama ndilo, akasema rangi ndiyo hii. Hakuna aliyeligeuza. Sasa akapewa mkononi. Akaligeuza. Mgongo ulikuwa umefungwa mpaka chini, mshono mmoja wa katikati.

Wakili wa serikali akainuka. "Huenda mipasuo ilishonwa baadaye ikazibwa."

Shangazi akamtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeshika mkasi kinyume. "Njoo hapa, mwanangu," akasema, halafu akakumbuka yuko wapi. "Samahani, mheshimiwa. Aruhusiwe asogee." Jaji akaruhusu. Shangazi akafunua bitana, kitambaa cha ndani ya koti, akamwonyesha. Mpasuo unahitaji kitambaa cha ziada cha kukunjia ndani. Ukiuziba, kile cha ziada kinabaki, na matundu ya sindano ya zamani yanabaki. Hapa hakuna cha ziada, hakuna tundu. Na mipasuo miwili hukaa pembeni, hapa pembeni pana kitambaa kizima kisicho na mshono wowote. "Koti hili lilitoka kiwandani limefungwa, na limeishi limefungwa. Mwenye koti hili si niliyemwona."

Kijana yule akapapasa bitana kwa kidole, akarudi kwenye kiti chake bila swali.

Bwana Nadhani alifuata, amevaa shati alilopigiwa pasi na Shangazi mwenyewe. Alisema aliyempita alikuwa mrefu kuliko mshtakiwa. Wakili wa serikali akamwuliza, kwa upole safari hii, ana hakika kiasi gani.

"Nadhani," akajibu. "Zamani nilichekwa kwa neno hilo, na kweli nilitamani kulibadilisha. Usiku nilijiuliza kwa nini sikusema najua, yaishe. Lakini sikuwa najua. Alinipita kama upepo. Mpaka leo nadhani."

Hakuna aliyecheka. Jaji aliandika kwa muda mrefu.

Hukumu ilisomwa mwezi wa nne baada ya hapo. Jaji alisema hatia iliyojengwa juu ya uso ambao hakuna aliyeuona haiwezi kusimama, na kwamba maelezo ya siku ya kwanza yalifichwa mahakama isiyaone. Akaifuta. Kuhusu nani alimwua Waziri, alisema mahakama ile haikuulizwa swali hilo, lakini akaagiza uchunguzi ufunguliwe upya, kuanzia kwa makoti na mafundi walioyashona. Mpaka leo ninapoandika, hajapatikana. Bwana Nadhani anasema atapatikana. Shangazi anamwuliza kama anajua au anadhani.

Fundi rangi alitoka siku ileile, saa nane mchana. Binti yake alimshika mkono kwenye ngazi za mahakama, amevaa suruali ya mifuko mirefu, naye baba akasimama chini akashangaa magari kwa muda, wala hakuna aliyemharakisha.

Shangazi hakwenda kumsalimu siku hiyo. "Siku hii ni ya kwake," akasema. "Nikienda nitaifanya yangu." Alingoja wiki tatu, mpaka mpima ardhi alipompigia simu mwenyewe na kumwambia baba anamwita. Nikampeleka.

Tulimkuta juu ya ngazi, anapaka rangi sebule ya bintiye. Turubai limetandazwa, fanicha zimesogezwa katikati na kufunikwa. Alikuwa anagombana na rola mpya yenye mpini wa kurefushwa. Alipotuona alishuka taratibu, akafuta mikono, akatuletea viti yeye mwenyewe.

Shangazi hakuketi. "Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Na sitaki unijibu kwa adabu."

Yule mzee akafikiri. "Miaka ya kwanza nilikuchukia," akasema. "Nilikuchukia asubuhi na jioni, kama dawa. Halafu nikachoka. Chuki inataka kulishwa, na gerezani chakula ni haba." Akatabasamu upande mmoja. "Sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine naona nimekusamehe, siku nyingine bado. Lakini binti yangu ameniambia ulivyolifunua lile koti mbele ya watu. Na aliniambia hakuna aliyekulazimisha kuja."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa, ndiyo. Keti."

Akaketi. Kisha mzee akauliza swali ambalo nadhani alilibeba miaka yote. "Yule aliyekimbia. Hata kidogo hukumwona?"

"Mgongo tu. Mabega yamekaa vizuri. Fundi wake alijua kazi."

"Basi tuko wawili tusiomjua," akasema, naye akacheka kwa kweli, na Shangazi akacheka, na mpima ardhi akatoka jikoni kuona kuna nini. Tulikaa mpaka saa kumi na moja. Kabla ya kuondoka Shangazi alimwambia ukuta wa kushoto umeacha alama ya rola, na mzee akamwambia asubiri ukauke ndipo aseme.

Baada ya miezi michache barua ilifika kutoka chuo cha polisi. Walitaka aje azungumze na wanafunzi kuhusu kuchukua maelezo ya mashahidi. Shangazi aliisoma mara mbili, akaniuliza kama wamekosea anwani. Hakuwahi kusimama mbele ya darasa. Nilimfundisha nilichoweza, namna ya kutazama nyuso za nyuma ya chumba. Akaniambia nyuso ni kazi yangu, yeye atatazama sare.

Alikwenda. Alisimama mbele ya vijana sitini walionyooka kama rula, akawasimulia kuanzia uzi wa bluu mpaka rola, bila kujitetea. Alipomaliza, msichana mmoja safu ya pili akainua mkono. "Mama, kwa hiyo macho ya watu hayaaminiki? Tuache kuwauliza?"

"Waulizeni," Shangazi akasema. "Mimi siku ya kwanza nilisema ukweli mtupu, na kijana kama wewe akauandika vizuri. Waulizeni mapema, kila mtu peke yake. Mtu akisema sikuona, liandikeni neno hilo kama mnavyoandika niliona. Na akikwama, msimsaidie."

Wakaandika. Kijana mmoja wa nyuma akasimama akasema samahani, hakusikia mwisho, akamwomba arudie polepole. Akarudia.